Mvua Isiyo na Mwenyewe

Ukungu ulitukuta Mukamira. Basi lilikuwa limetoka Nyabugogo, Kigali, asubuhi ya Machi yenye jua, likapanda na kushuka vilima mpaka Musanze, na kwa muda mlima Muhabura ulisimama mbali upande wa kulia, mzima, bila wingu hata moja. Tulipofika Mukamira hapakuonekana mlima wala kilima. Dereva aliwasha taa na kupunguza mwendo. Mashamba ya viazi ya pande zote mbili yakafutika, wakabaki watu waliojitokeza ghafla kando ya lami, magunia kichwani, kisha wakamezwa tena. Abiria wakafunga madirisha. Binti aliyekaa kando yangu, daftari mapajani, alitazama nje, akachezesha midomo kama mtu anayenuia sala, halafu akasema kwa sauti ndogo: "Es ist neblig."

Aliponiona nimegeuka, alitabasamu. "Samahani, muzee. Ni Kijerumani. Mwalimu alituambia tukiwa njiani tutaje kila tunachokiona."

Daftari lake lilikuwa na kurasa mbili zilizojaa maneno ya hali ya hewa, kila neno na wenzake wawili pembeni. Regen, imvura, mvua. Nebel, igihu, ukungu. Wind, umuyaga, upepo. Hagel, urubura, mvua ya mawe. Ana miaka ishirini na minne, amesomea uuguzi, na anajiandaa kwa mtihani wa lugha ili akafanye kazi hiyo Ujerumani, kama wanavyotafuta vijana wengi wa Rwanda siku hizi. Siku za masomo hukaa Kigali. Akipata nauli hurudi kwao Mahoko, kilomita chache kabla ya mji wa Gisenyi.

Safari yangu nayo ilikuwa ya kuwafuata Wajerumani, ila wale wa zamani, walioandika jina la mji huu Kissenji na kuujengea boma ufukweni mwa Ziwa Kivu. Nilitaka kuona kilichobaki. Sikutegemea kwamba kabla hata ya kufika ningekisikia Kijerumani kikitoka kinywani mwa mtoto wa hapo hapo, tena katika habari za ukungu.

Kwa nini ukungu? Kila anayeanza Kijerumani hupitishwa mlango huo: jina lako, saa, kisha "Wie ist das Wetter heute?", yaani leo hali ya hewa ikoje. Kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili swali hilo hushangaza kwa mahali lilipowekwa. Sisi watu wawili wakikutana huanza na habari: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Mnyarwanda huuliza "Amakuru?" na kujibiwa "Ni meza." Mvua huja baadaye, ikiwa wingu limekaribia au shamba limekauka. Mjerumani aliyekutana na jirani asiyemjua sana kwenye ngazi hasiti kumwambia kwamba leo kuna baridi, lakini kumuuliza habari za mkewe na watoto angeona ni kumwingilia. Hali ya hewa ndiyo habari ya mtu ambaye bado si wako. Muuguzi anayekwenda kuwahudumia wazee wa Kijerumani atafungua mapazia ya vyumba vyao kila asubuhi, na sentensi ya kwanza watakayotarajia kutoka kwake itakuwa ya mawingu au ya jua. Mwalimu wake hakukosea kuianza kazi hapo.

Kilichomsumbua binti yule kilikuwa neno fupi kuliko yote: es. Wajerumani husema "es regnet", na hiyo ni mvua inanyesha. "Es schneit", theluji inaanguka. "Es donnert", "es blitzt", "es hagelt" ni za ngurumo, umeme na mvua ya mawe. Kila mara kuna es mbele, na es huyo hajulikani ni nani. Si mvua, kwa kuwa mvua ni Regen na haijatajwa. Si Mungu wala mbingu. Kwa kawaida sarufi inadai kitenzi kiwe na mtendaji, na kwa kuwa hapa hayupo, wamesimamisha neno tupu mahali pake.

"Nilimuuliza mwalimu, huyo es ni nani?" alisema. "Akaniambia hakuna mtu."

Katika Kiswahili mvua yenyewe ndiyo inayonyesha, jua ndilo linalowaka, upepo unavuma, radi inapiga. Kila mmoja ana kazi yake na anaifanya kwa jina lake. Kinyarwanda kiko hivyo hivyo: imvura iragwa, mvua inaanguka. Hata baridi ina njia yake. Mswahili husema nasikia baridi. Mnyarwanda naye husema "ndumva imbeho", na kumva ni kusikia, iwe kwa sikio au kwa mwili. Mjerumani husema "mir ist kalt", kwangu ni baridi, kana kwamba baridi imeletewa mtu mlangoni. Mwanafunzi akisahau na kusema "ich bin kalt" atakuwa amejieleza kuwa yeye mwenyewe ndiye baridi, kama maiti au kama mtu asiye na huruma. Binti wa Mahoko alilipigia kosa hilo mstari mwekundu mara mbili.

Jambo moja lilimrahisishia kazi, nami sijaliona likielezwa mahali pengi. Vitabu vya Kijerumani hufundisha majira manne: Frühling, Sommer, Herbst, Winter. Wengi wetu husomeshwa kwamba majira manne ni ya Wazungu na sisi tuna mawili, mvua na kiangazi. Lakini mkulima wa Rwanda anahesabu manne tangu zamani: umuhindo, mvua za Septemba hadi Desemba, urugaryi, ukavu mfupi unaofuata, itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na icyi, ambacho wengi hukiita impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Ukiyapanga juu ya kalenda ya Ujerumani, miezi inalingana karibu kabisa. Frühling inakaa juu ya itumba, Sommer juu ya impeshyi. Pwani nako watu wana masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Kinachotofautiana ni moyo wa majira hayo. Sommer ni miezi ambayo Mjerumani ameingojea mwaka mzima. Impeshyi ni vumbi, mito iliyopungua na ng'ombe kupelekwa mbali. Frühling kwao huleta maua. Itumba nayo huleta maharagwe na, miaka mingine, msiba.

Basi liliteremka. Ukungu ulibaki juu, na chini barabara ikakutana na mto wa rangi ya chai ya maziwa uliokuwa ukienda kasi. Binti akafunga daftari. "Sebeya," alisema. Mahoko alishuka, akaniachia namba ya simu na ahadi kwamba kesho angenionyesha kitu.

Gisenyi ni jina ambalo watu hawajaliacha. Kiserikali hii ni Rubavu tangu mpango wa wilaya wa 2006, lakini ukiuliza Rubavu iko wapi utaelekezwa wilaya, na ukiuliza Gisenyi utaelekezwa ziwa. Mji umekaa kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ufukweni mwa ziwa lenye kina cha karibu mita 480. Jioni hufaa shati lenye mikono mirefu, mchana hufaa kivuli, na ni hivyo mwaka mzima. Upande wa magharibi, bila mto wala bonde la kutenganisha, ndipo ilipo Goma ya Kongo. Kiswahili cha hapa kina ladha ya huko: "mvula" badala ya mvua, "iko inakuya" badala ya inakuja. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini sokoni Gisenyi hakikuwa kimengoja ruhusa.

Kijerumani cha kwanza ambacho mgeni hukiona mjini hakipo kwenye jengo la kale. Kipo kwenye chupa: Mützig, bia ya kiwanda cha Bralirwa kilichoko hapa ufukweni, na nukta mbili juu ya u. Mutzig ni mji mdogo wa Alsace, jimbo lililokuwa chini ya Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1918.

Wajerumani wenyewe walifika kwa miguu. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda kutoka mashariki, akakutana na mfalme, Mwami Kigeli Rwabugiri, akapanda volkano ya Nyiragongo, kisha akateremka hadi Ziwa Kivu. Huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa koloni lote wakati Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, na majeshi yake yakachoma mashamba na maghala ya kusini mwa Tanganyika hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Richard Kandt, daktari, alikaa Shangi kusini mwa ziwa hili kuanzia 1899, na mwaka 1907 akawa mwakilishi mkazi wa kwanza wa serikali ya Kijerumani nchini. Nyumba yake iliyoko Kigali leo ni makumbusho. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waligawana volkano kwa kalamu. Goma ikabaki kwa Mbelgiji, Gisenyi kwa Mjerumani. Mei 1916 Wabelgiji waliingia, na Kijerumani kikaondoka na wenyewe.

Katika miaka hiyo michache wageni wale walileta namna ya kuzungumza na mvua ambayo haikuwa imeonekana huku: waliiandika. Katika boma na misheni nyingi za koloni kulikuwa na kipimamvua, chombo cha bati chenye mdomo wa duara, na mtu wa kukisoma kila asubuhi. Takwimu zilipelekwa kituo kikuu cha hali ya hewa Dar es Salaam, kisha zikachapishwa Ujerumani kwenye majedwali yenye safu nyembamba za tarakimu. Asili ya desturi hiyo ni Mannheim, ambako mwaka 1780 mtawala wa Pfalz, Karl Theodor, alianzisha jumuiya ya hali ya hewa iliyoongozwa na Johann Jakob Hemmer. Walituma vyombo vya namna moja kwenye vituo vya nchi mbalimbali na kuwataka wote wasome saa zile zile: saba, kumi na nne na ishirini na moja. Kwa saa zetu ni saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Watu waliotengwa na milima na bahari walikuwa wakitazama mbingu pamoja kwa miadi. Nalistahi sana wazo hilo. Mvua ya Nyundo, ambako mapadri wa White Fathers walijenga misheni mwaka 1901 vilimani juu ya Gisenyi, ikilinganishwa na mvua ya Tanga kwa kipimo kimoja, inamfaa mkulima wa pande zote mbili.

Lakini lugha iliyotumika kati ya msoma kipimo na aliyebeba kipimo haikuwa Kijerumani. Ilikuwa Kiswahili, lugha ya askari, wapagazi na makarani. Wajerumani wakaandika vitabuni mwao Boma, Schauri, Pori, Safari, na hata Masika, kama maneno yao. Sisi tulibaki na shule, kutoka Schule, na hela, kutoka Heller, sarafu yao. Neno la Kijerumani la mvua, upepo au baridi sijapata kukutana nalo katika Kiswahili. Shule na fedha vilihitaji majina mapya. Mvua ilikuwa nayo ya kutosha.

Na katika milima hii mvua ilikuwa na zaidi ya majina. Ilikuwa na wakuu wake. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, kabla ya kutiwa chini ya mamlaka ya mwami wa kati, kulikuwa na watawala wadogo walioitwa abahinza. Wa Bushiru, si mbali na hapa, walijulikana kwa uwezo wao juu ya mvua na mazao. Palikuwa pia na abavubyi, waleta mvua. Mtu anaweza kuamini au asiamini uwezo huo. Ninachokiona ni mahali ulipomweka mtawala: mvua ikikataa, au ikizidi, kuna mlango wa kugonga na mtu wa kumuuliza. Es hana mlango.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa safi, na Karisimbi ilionekana. Ni mlima mrefu kuliko yote ya Virunga, mita 4,507, na kilele chake hupakwa weupe na mvua ya mawe na theluji ya siku moja au mbili. Watu wa hapa hulihusisha jina lake na isimbi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa: ni simbi, kombe nyeupe ya pwani, iliyosafiri katika biashara hadi kuupa jina mlima ulio mbali na bahari zaidi ya kilomita elfu moja.

Mwaka 1908 mwanajiolojia Egon Kirschstein, wa msafara wa Adolf Friedrich, mwanamfalme wa ukoo wa Mecklenburg, alikuwa akizipima volkano hizi. Juu ya Karisimbi msafara wake ulivamiwa na dhoruba ya theluji na mawe. Wapagazi ishirini walikufa kwa baridi. Walikuwa wamevaa nguo za watu wa bondeni, na mizigo waliyobeba ilikuwa ya vyombo na mahema ya mwingine. Habari ya tukio hilo imo katika maandishi ya msafara, kwa Kijerumani, pamoja na vimo vya vilele na aina za mawe.

Nimeifikiria mara nyingi siku hiyo kwa upande wa lugha. Ndani ya wingu lile mmoja alikuwa na neno Schneesturm, dhoruba ya theluji, na alijua tangu utotoni kwamba ukikaa chini kwenye theluji usingizi utakuchukua. Wengine hawakuwa na neno lake wala uzoefu wake, na hawakuwa na uamuzi wa kugeuka. Aliyejua baridi ndiye aliyeamua kupanda. Mir ist kalt. Kwao pia ilikuwa baridi, na sijui kama kulikuwa na mtu wa kuwasikiliza.

Mchana nilirudi Mahoko kwa pikipiki. Binti alinipeleka nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye ukuta ulioachwa peke yake bila paa. Alama ya tope ilikuwa juu ya bega lake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha kwenye vilima vya magharibi bila kupumzika. Maporomoko yaliangusha nyumba Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu, na Sebeya ilitoka kingo zake ikaingia Rubavu gizani. Nchini Rwanda walikufa watu zaidi ya 130. Chanzo hakikuwa wingu peke yake. Sebeya huanzia upande wa msitu wa Gishwati, uliokatwa kwa miongo kadhaa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi, hata ukabaki kipande kidogo. Hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura ilikuwa imeshaundwa kulinda masalia hayo. Mteremko usio na mizizi hauwezi kuishika mvua.

Nyumba yao iliingiwa na maji hadi dirishani. Mama yake alitoka na mdogo wake mgongoni na mfuko wa vyeti kichwani. Waliokoka. Majirani wawili hawakuokoka.

"Sasa muzee sikiliza," alisema, na kufungua daftari kwenye zoezi la kujiandaa na mtihani wa mazungumzo. Swali lilikuwa: hali ya hewa ikiwa mbaya unafanya nini? Jibu la mfano, lililochapwa kwenye karatasi ya mwalimu, lilikuwa sahihi kwa kila kanuni: "Bei schlechtem Wetter bleibe ich zu Hause." Hali ya hewa ikiwa mbaya ninabaki nyumbani.

Alikuwa amelinakili kwa mwandiko mzuri. Chini yake alikuwa ameandika la kwake: "Bei Starkregen gehe ich den Hügel hinauf." Mvua kubwa ikija ninapanda kilimani. Mwalimu aliliwekea alama ya vyema.

Lipo jimbo la Ujerumani ambako sentensi hiyo ingeeleweka bila kuelezwa, na kwa bahati ni jimbo ambalo Rwanda inalifahamu kuliko yote. Rheinland-Pfalz imekuwa na udugu rasmi na Rwanda tangu 1982: wilaya na wilaya, parokia na parokia, shule na shule. Pfalz ya jina hilo ndiyo ile ya Karl Theodor na vipimo vyake. Binti anakumbuka barua zilizofika shuleni kwao alipokuwa mdogo, na kwamba karibu kila moja ilianza na hali ya hewa: huku kwetu theluji, huko kwenu je? Watoto wa Mahoko walijibu kwamba kuna mvua. Waliona aibu kidogo kwamba majibu yao hayakubadilika.

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 mto Ahr, katika jimbo hilo hilo, ulifanya kama Sebeya. Ni mto mwembamba kwenye bonde la mizabibu, na kiangazi watoto huuvuka kwa miguu. Katika bonde la Ahr walikufa watu zaidi ya 130. Ujerumani yote zaidi ya 180. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari. Wajerumani hutangaza mvua kwa lita katika mita ya mraba, na lita moja ni sawa na milimita moja ya kipimo. Tahadhari ilizungumzia hadi lita 200. Baada ya msiba wataalamu na wananchi walijadili kwa uchungu kwa nini namba hiyo haikuwaondoa watu nyumbani. Binti wa Mahoko alinipa hesabu ambayo sijaisikia kwa mtangazaji yeyote. Lita mia ni madumu matano ya lita ishirini, alisema, na mita ya mraba ni kama mkeka wa kukaa mtu mmoja na mtoto wake. "Mwaga madumu matano hapo ulipokaa. Halafu mwaga kwenye kila mkeka wa kilima kizima. Yote yatakuja chini kwa nani?"

Kijerumani kina neno Unwetter. Wetter ni hali ya hewa, un- kwa kawaida ni kukana. Ni kana kwamba neno lenyewe linakataa kuiita dhoruba hali ya hewa. Linaitoa katika ukoo. Wana pia Wolkenbruch, kupasuka kwa wingu, na Starkregen, mvua yenye nguvu, neno la wataalamu ambalo baada ya 2021 limekuwa la kila nyumba. Februari 2023, muda mfupi kabla ya msiba wa Sebeya, Ujerumani ilianza kutuma tahadhari moja kwa moja kwenye simu zenye uwezo wa kuipokea zilizo katika eneo la hatari, bila mtu kuhitaji programu yoyote. Huku, utabiri wa Meteo Rwanda husomwa redioni kwa Kinyarwanda, chini ya jina zuri la iteganyagihe. Kati ya utabiri na usingizi wa mtu lazima awepo mtu wa kugonga mlango, Ahr na Mahoko sawasawa.

Jioni tulikaa ufukweni Gisenyi, yeye, kaka yake na mimi. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakiandaa mitumbwi yao, mitatu mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe. Sambaza si samaki wa asili hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, na safari ya usiku ni suala la hali ya hewa tupu. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alisimama akiangalia kusini, upande wa kisiwa cha Idjwi. Kijana wake alimuuliza kama washuke majini. Mzee hakujibu mara moja.

Kule mbali anga ilimulika, bila sauti. Ikamulika tena, ikaonyesha ukingo wa wingu refu kisha ikauficha. Binti alisimama.

"Hii ina neno," alisema. "Tulijifunza wiki iliyopita. Wetterleuchten." Umeme wa mbali usio na ngurumo, hali ya hewa inayowaka. Kiswahili huhitaji maneno kadhaa kuusema, nami niliona furaha yake ya kukuta kitu cha kwao kina jina zima katika lugha ngeni. Nikamuuliza Mjerumani akiuona husema nini. "Es wetterleuchtet," akajibu, kisha akanyamaza, akihesabu kimoyomoyo baina ya mmuliko na mmuliko.

"Mvula iko inakuya," mzee wa mitumbwi alisema. "Haiko ya ziwa. Ni ya milima." Akawaambia vijana wafunge kamba. Wenzake wa mitumbwi ya pili walimtazama, wakafunga pia.

Binti alikuwa tayari ameshika simu. Alimuuliza mama yake kwa Kinyarwanda kama mvua imeanza huko juu. Mama alisema bado, ila upepo umegeuka na mbwa wa jirani hatulii. Binti alimwambia alale kwa shangazi kilimani, yeye na mdogo wake, sasa hivi, kabla ya chakula. Nilisikia sauti ya mama ikicheka kidogo ndani ya simu. Alisema mfuko wa vyeti umeshawekwa mlangoni.